Nioneshe mdomo kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kubuni vyombo vya kushuka kwenye angahewa za sayari, nimepitia michoro yenu na subira imeniisha. Leza mmeichora kwa ustadi, kitambuzi mmekipa kurasa tele, halafu mdomo, yaani njia ya kuingizia gesi na chembe za mawingu, ni mstari mmoja kutoka nje hadi ndani. Nawapenda, kwa hiyo nawaambia waziwazi: mdomo ni nusu ya kifaa.

1. Anzeni na Zuhura, Desemba 1978. Chombo kikubwa cha safari ya Pioneer Venus ya NASA kilibeba spektromita ya tungamo ya kupimia gesi. Kwenye kimo cha kilomita 50 hivi, ndani ya mawingu, asidi ya sulfuriki ikaziba mlango wake. Gesi inayoingia ikapungua ghafla, na chombo kinazidi kuanguka. Hakuna wa kukirudisha juu kikajaribu tena. Anayeisoma data ile bila kujua kisa atadhani angahewa ndiyo iliyobadilika, kumbe ni tundu. Hali ikadumu hadi karibu kilomita 28, joto lilipoifukuza asidi na njia ikafunguka. Hebu fikirini: miaka ya kazi ya watu, na sehemu kubwa ya mteremko imekwenda hivyo.

Lakini hawakukitupa kipande kile cha data. Asidi iliyoziba ilikuwa sampuli ya wingu, na maji yaliyotoka humo yakamwezesha mwanasayansi Donahue na wenzake, mwaka 1982, kuonesha kwamba uwiano wa duteri (hidrojeni nzito) na hidrojeni ya kawaida kule unazidi wa Dunia karibu mara 100. Hidrojeni nyepesi hutorokea angani kwa urahisi zaidi, nzito ikabaki; ndiyo hoja nzito kwamba Zuhura ilikuwa na maji mengi zaidi zamani. Kisa hiki nakipenda sana, ila asikitumie mtu kuutetea mdomo usio na kipasha joto.

2. Chembe kubwa hazikati kona pamoja na hewa. Inesha, yaani tabia ya kitu kuendelea na mwendo wake, huzipeleka mbele zikagonga ukuta, ndogo zikapita, na hesabu mnayoipata ndani haifanani na ya nje. Upimeni mdomo kwenye handaki la upepo, kwa kasi ya kushuka na kwa pembe za kuyumba. Usawazishaji, yaani kukilinganisha kipimo na vipimo vinavyojulikana, nao msiufanye juujuu: chombo hicho hicho cha 1978 kilipima ukubwa wa chembe kwa mwanga, na watu wakabishana miaka mingi kama chembe zile kubwa ni kundi la tatu la ukubwa kweli, au ni mkia wa kundi la pili, la chembe za wastani, uliorefushwa na kosa la usawazishaji.

3. Chombo cha Huygens, kwenye Titan, mwezi wa Zohali, 14 Januari 2005: kichujio cha kunasa chembe kikatolewa nje, kikarudishwa kwenye tanuri, kikapashwa hadi nyuzi 250 za Selsiasi, kisha 600, na gesi zikapelekwa kupimwa. Usomeni muundo ule mstari kwa mstari. Na kumbukeni Huygens ilizunguka kinyume cha ilivyopangwa kwa sehemu kubwa ya kushuka. Mdomo unaofanya kazi upande mmoja tu wa mzunguko nitaukataa.

4. Kwenye ripoti, msiandike “mawingu ya Mshtarii”. Chombo cha kushuka cha Galileo, 1995, kiliangukia kwenye sayari hiyo eneo kavu lenye mawingu haba mno, na sayari nzima haiko hivyo. Andikeni “mawingu ya pale tulipopita”, kisha mtaje latitudo na saa.