Nani hawa wanaonipa vipande vya faili?

SWALI: Habari za kazi, Fundi. Nafundisha kompyuta katika sekondari moja hapa Muheza. Nashusha Wikipedia ya Kiwix (mradi unaotoa Wikipedia ya kusoma bila intaneti) kwa torenti, ile ya Kiingereza isiyo na picha, zaidi ya GB 40, ili wanafunzi waisome bila bando kwenye kompyuta zetu 12. Kwenye qBittorrent, programu ninayoshushia, nimebonyeza kichupo cha Peers nikakuta anwani ngeni, bendera za Ujerumani na Brazili, na herufi D, d, H, X. Hawa ni nani? Na wao wananiona?
Mwalimu, Muheza

JIBU: Njema, Mwalimu. Ndiyo, wanakuona. Unachosoma kwao, yaani anwani ya IP, programu wanayotumia na asilimia waliyofikia, nao wanakisoma kwako. Torenti, yaani njia ya kugawana faili kwa vipande kati ya kompyuta za watu, haina ghala la kati. Kipande hutoka kompyuta hii kwenda ile, na bila anwani hakuna pa kukipeleka. Jina lako halimo. Bendera nayo hukisiwa kutokana na anwani, kwa hiyo anayepitia VPN (huduma inayoficha anwani yake halisi) huonyeshwa kwenye nchi ya VPN yake. Kwa faili ambalo Kiwix wenyewe wanaligawa hivyo, usiwe na hofu.

D kubwa ni mwenza (peer, yaani kompyuta nyingine inayogawana faili hilo) anayekupa vipande. d ndogo: unavitaka, bado hajakufungulia. H ni uliyempata kwa DHT, yaani orodha ya wenza inayotunzwa na kompyuta za watumiaji wenyewe, na X ni uliyetajiwa na mwenza mwingine. Ukiona I, huyo ndiye aliyekufuata wewe. Mwaka jana nyumbani kwangu nilikaa siku mbili bila I hata moja, kasi inasuasua, kumbe rauta ilikuwa inazuia kila anayetaka kuingia. Niliporuhusu poti ya qBittorrent (mlango inaopokelea wanaoingia), I zikaanza kujitokeza.

Lakini herufi ninayotaka uitafute ni L: mwenza aliye kwenye mtandao uleule wa ndani. Hapa ndipo maabara yako itakapookoa pesa. Shusha kwenye kompyuta moja mpaka 100%, uiache ikiwaka na torenti ikiendelea. Kisha chomoa waya wa intaneti, rauta ibaki inafanya kazi, halafu fungua faili dogo lilelile la .torrent uliloanzia kushusha kwenye zile 11. Kwenye Peers utaona L na anwani ya ndani, mara nyingi inayoanza na 192.168. GB zote hizo zitapita ndani ya chumba chako, na kompyuta zitagawiana zenyewe kwa zenyewe, si kungoja foleni kwenye moja. Flashi zenye mfumo wa faili wa FAT32 hazipokei faili moja la zaidi ya GB 4, ndiyo maana nakushauri njia hii.

L isipotokea, angalia kama rauta imewashwa kile kipengele cha kutenganisha watumiaji wa Wi-Fi. Kizime, au tumia nyaya. Niandikie ukifika kompyuta ya kumi na mbili, nitafurahi kweli kusikia.