Maswali yenu kuhusu "michi" ya Wajapani

Nimeanza kujifunza Kijapani. Kamusi inasema *michi* ni barabara, lakini mwalimu hulitumia akizungumzia maisha. Lipi sahihi? (Msomaji, Tanga)

Yote mawili. Kwanza usilichanganye na michi yetu ya kutwangia kinuni! Michi ya Kijapani iko karibu zaidi na "njia" kuliko "barabara". Ni kichochoro, ni njia ya shambani, ni barabara kuu pia. Halafu ni kazi ambayo mtu ameishika: fundi wa sushi atakwambia yuko kwenye "michi hii" miaka 30. Barabara kama kitu kilichojengwa, ile ya wahandisi na sheria za usalama, huitwa *dōro*.

Ile "do" ya judo ni neno hilohilo? (Msomaji, Mombasa)

Herufi ni hiyohiyo: 道. Ikisimama peke yake husomwa *michi*. Ikiungana na nyingine, mara nyingi husomwa *dō*, usomaji uliotoka China.

Swali hili nalipenda sana. Kano Jigoro, mwasisi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, mchezo alioujua uliitwa *jūjutsu*, na *jutsu* ni mbinu. Yeye akaiweka *dō* mahali pake, kwa sababu alitaka mazoezi yamjenge mtu, yasiishie kwenye kumwangusha mwenzake. Ndiyo maana utaikuta *dō* hata pasipo na mapigano: *shodō* ni sanaa ya kuandika kwa brashi, na *sadō* ni ya chai. Katika sadō mgeni hulipokea bakuli kwa mikono miwili, hulizungusha kidogo ili asinywee upande wa mbele wa bakuli, kisha ndipo hunywa. Tendo la sekunde chache tu, na watu huenda darasani miaka mingi kwa ajili yake. Kwangu mimi, hapo ndipo neno hili linapoonekana waziwazi.

Na Hokkaido? (Msomaji, Kigoma)

Ni ileile, ila hapo inataja eneo. Zamani maeneo makubwa ya Japani yalibeba majina ya namna hiyo. Tokaido, "njia ya bahari ya mashariki", lilikuwa eneo na pia barabara yenye vituo 53 kati ya Edo (Tokyo ya leo) na Kyoto. Mwaka 1869 serikali ya Mfalme Meiji ikafuata mtindo huo kukipa jina kisiwa cha kaskazini: njia ya bahari ya kaskazini.

Jina la Malkia mstaafu Michiko linatokana na njia? (Msomaji, Nairobi)

Hapana. Linaandikwa kwa herufi za uzuri, hekima na mtoto.

Kuna nahau yenye neno hili? (Msomaji, Bukavu)

Zipo nyingi. Niipendayo ni *michikusa o kuu*, kula majani ya njiani. Imetokana na farasi anayesimama kila hatua kutafuna majani, safari isifike. Leo husemwa kwa mtoto aliyetoka shule saa nane akaingia nyumbani saa kumi na moja, viatu vimejaa matope.