Kuendesha D&D mara ya kwanza: Forgotten Realms iache kwanza

Mkuu, umeuliza una watu wanne, umecheza D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu) kama mchezaji tu, sasa unataka kuwa DM, yule anayesimulia na kuendesha mchezo, na hujui uchukue dunia ipi kati ya Forgotten Realms, Eberron, Dark Sun au ile ya Strahd, yule bwana mnyonya damu. Nimeendesha zote nne, mbili zikafia njiani, kwa hiyo nakupa nilichokiona.

Forgotten Realms kila mtu atakwambia ndo ya kuanzia. Mimi nilianzia hapo na ilinitoa jasho. Ed Greenwood alianza kuitunga akiwa mtoto, boksi la kwanza likatoka 1987, na toka hapo ni kurundika tu, riwaya, gemu za kompyuta, miungu inakufa inafufuka. Sasa mezani kwangu kulikuwa na jamaa kazisoma hizo riwaya, kila nikitaja mtu wa mji wa Waterdeep anadakia "huyo si alishakufa?" Kufika kikao cha tano nilikuwa naogopa kufungua mdomo kwenye mchezo ninaouendesha mwenyewe. Tukaachana nayo kimya kimya.

Ndo nikahamia Dark Sun, ya 1991, na hapo nikaelewa kitu: dunia nzuri kwa DM mgeni sio yenye maelezo mengi, ni ile yenye sheria moja ngumu inayomgusa mchezaji kila dakika. Athas, ndo jina la dunia yenyewe, ni jangwa, chuma ni adimu sana, watu wanapigana na mifupa na mawe, hela yenyewe ni ya udongo wa kuchoma, miungu hakuna, na uchawi unanyonya uhai wa mimea mpaka ardhi inabaki majivu. Basi. Huhitaji kukariri zaidi ya hapo.

Kuna siku sijaandaa chochote, nimetoka kazini nimechoka, nikawaambia tu mmebakiwa na kiriba kimoja cha maji na mji uko mbali. Akatokea elf mmoja mfanyabiashara (elf ni wale watu wa hadithi wenye masikio marefu, kule ni wakimbiaji na matapeli, usiwaamini), ana maji kibao ila anataka kisu cha chuma cha yule dada aliyekuwa anacheza gladieta, kisu chenyewe alikipata kwa kumwaga damu vikao vitatu nyuma. Wamebishana dakika arobaini, mimi nakunywa chai, dadu haijarushwa hata moja. Mwisho alikitoa, na mpaka leo ukimkumbusha anasonya. Tatizo lake ni moja, kitabu kikubwa cha mwisho ni cha 2010 cha toleo la nne la D&D, kwa hiyo ukicheza la tano kuna kazi ya kubadilisha namba mwenyewe.

Curse of Strahd (2016, ila mzizi wake ni kitabu cha kisa cha 1983) ni rahisi kushika maana Barovia, nchi ya Strahd, ni bonde dogo, ukungu umelizunguka na hutoki. Pale mwanzo unapiga karata zinazoamua upanga na vitu vingine viko wapi, PIGA PICHA hizo karata, mimi sikupiga nikaja kuumbuka. Shida nyingine ni vicheko, wangu walimwita Strahd "anko". Nilichofanya nikamleta mapema, mpole, ana adabu zote, anamuulizia mmoja wao hali ya dada yake kwa jina, na jina hilo hawakuwahi kumtajia. Uanko ukaishia hapo.

Eberron naipenda kuliko zote kama msomaji, treni za kichawi, roboti waliotengenezwa kwa vita halafu vita ikaisha, na nchi nzima ya Cyre imefutika kwa siku moja na vitabu makusudi havisemi nani kafanya, unaamua wewe. Ila kila mchezaji wangu alitaka kitu chake, huyu upelelezi, yule msituni, na DM mgeni atavutwa huku na huku.

Kwa hiyo kama watu wako wanapenda kukaa na kubishana wape Dark Sun, kama unataka kitabu kikushike mkono chukua Strahd. Na hao wanne, kuna yeyote kasoma riwaya za Realms? Niambie hilo kwanza.