Bodaboda Miaka Tisa, Guta Likanitoa Barabarani Siku ya Nne

Juzi usiku kijana mmoja wa Newala kaniandikia. Kauza bodaboda yake, kajazia na mkopo wa kikoba, kanunua guta la pikipiki, lile la tairi tatu la kubebea mizigo, ili awahi msimu wa korosho. "Kaka," anasema, "hili guta linavuta kushoto muda wote, na kona halitaki kabisa. Nimeuziwa bovu?"

Pengine hujauziwa bovu, mdogo wangu. Namna ya kujua nitakuambia, ila kwanza nisikilize mimi, maana ujumbe wako umenikumbusha kitu ambacho nilidhani nimeshakisahau.

Niliendesha bodaboda Mtwara mjini miaka tisa. Nasema kwa majivuno, wala sifichi. Mvua, mchanga, mama na watoto wawili na kuku juu, vyote nimebeba na sijamwangusha mtu. Siku niliyokabidhiwa guta nilicheka. Tairi tatu! Litaangukia wapi?

Siku ya nne nikapata mzigo wa nazi kutoka Mikindani kuja soko la Sabasaba. Nazi kama 300, mali ya tajiri mmoja wa jumla. Mikindani unapajua, mji mkongwe, ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Barabara inafuata ukingo wa ghuba na kujikunja nao. Kwa pikipiki nilikuwa napita pale huku naongea na abiria wa nyuma. Ikaja kona ya kushoto. Mwili wangu ukafanya ulichokifanya miaka tisa, na guta likaenda kulia. Kulia, upande wa wanaokuja! Daladala lililokuwa linakuja likafunga breki, nikapita mbele ya pua yake nikaishia mtaroni ng'ambo ya pili. Mimi mzima. Nazi ndizo zilizotawanyika, nyingine zikarudi barabarani zikibiringika taratibu kama zina shughuli zake.

Watoto waliokota, wengine wakanirudishia, wengine wakaenda nazo kwao. Tajiri alinikata hela ya nazi zote, hata zile zilizofika sokoni nzima, na mbele ya watu akasema mimi ni dereva wa kuendesha punda. Kijiweni nikaitwa Bwana Nazi. Hadi leo wapo wanaoniita hivyo, na mimi huitika, nifanyeje.

Sasa hapa tukae kidogo. Kwenye pikipiki ya tairi mbili, ukiwa kwenye mwendo na unataka kwenda kushoto, mkono wa kushoto unausukuma usukani mbele kidogo. Hutaki kuamini? Kajaribu barabara nyeupe. Ukisukuma hivyo, pikipiki inalala kushoto, na ikilala inakata kona. Hakuna aliyetufundisha, mwili umejifunza wenyewe. Guta halilali. Ukisukuma mkono wa kushoto mbele, tairi la mbele linatazama kulia na guta linafuata tairi. Basi. Yaani kadiri ulivyo fundi wa bodaboda, ndivyo mikono yako inavyokudanganya kwenye guta. Mimi nilikuwa fundi sana.

Aliyenifumbua macho ni mzee anayesukuma guta la baiskeli, anabeba maji na saruji. Miaka yote tulikuwa tunampigia honi atupishe. Akaniangalia nikijaribu kukunja kona pale uwanjani, akaniambia: "Njomba, hiki kinapelekwa, hakilazwi." Nilirudi nyumbani na neno hilo moja.

Wiki mbili, kila alfajiri, nilikuwa kwenye eneo la wazi karibu na uwanja wa Nangwanda Sijaona na madumu matupu sita. Nayapanga, nayazunguka kushoto, kulia, namba nane, mwendo wa mtu anayetembea, kisha kasi kidogo. Mkono wa ndani unavuta, wa nje unasukuma. Mabega yanauma, maana usukani wa guta ni mzito, si wa vidole viwili. Wapita njia walicheka sana.

Kitu kingine ambacho guta litakufanyia ni kukutupa nje ya kona. Pikipiki inalala nawe, guta linabaki wima na wewe unavutwa upande wa pili, na ukizidisha mwendo tairi la nyuma la ndani linanyanyuka. Ukilisikia limekuwa jepesi umeshachelewa. Punguza kabla ya kona, si ndani ya kona. Egemeza mwili upande wa ndani. Punguza kabla. Nitalirudia hili mpaka unichoke.

Na miguu! Bodaboda ukisimama unateremsha mguu. Guta halihitaji mguu wako, limesimama lenyewe. Mimi niliteremsha pale mataa wakati guta bado linatambaa, tairi la nyuma likapanda kisigino. Kandambili ilikatika, ngozi ikafuata. Miguu ibaki juu hadi uzime.

Shimo la barabarani pia lina hesabu mpya. Kwa tairi mbili unalikwepa na umemaliza. Kwa tatu, la mbele likipita salama, moja la nyuma linalifuata shimo, na ukilipitisha katikati ya yale ya nyuma, la mbele ndilo linaloingia. Chagua njia mapema.

Wewe wa Newala una jambo la ziada, unashuka uwanda wa Makonde na magunia. Gunia la korosho ni kilo 80, usiyarundike mkiani. Mzigo ukikaa nyuma sana mbele panakuwa pepesi, unageuza usukani guta linaendelea na safari yake. Sogeza mzigo karibu na mgongo wako, uwe chini, ufunge kamba usicheze. Mteremko shuka na gia ndogo, breki zipumzike.

Vijana mnapenda kununua chombo leo na kesho kubeba mzigo wa watu. Mkopo unadai, najua, marejesho ya kikoba hayasubiri. Lakini wiki mbili za madumu matupu ni rahisi kuliko nazi za mtu. Acha aibu. Aliyekucheka uwanjani hatakulipia gari la mtu uliloligonga.

Sasa kuhusu kuvuta kushoto. Barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji yatiririke pembeni, nasi tunapita kushoto, kwa hiyo muda wote uko kwenye mteremko mdogo. Pikipiki haijali, guta linaufuata. Lipeleke sehemu tambarare, litembeze polepole, legeza mikono kidogo. Likienda sawa, guta zima, zoea tu kulishikilia. Likiendelea kuvuta, pima upepo wa tairi mbili za nyuma ulingane, kisha mwambie fundi aangalie kama breki ya kushoto haiachii. Hayo yakiwa sawa na bado linavuta, ndipo umtafute aliyekuuzia.

Yule tajiri wa nazi kanipigia wiki iliyopita. Ana mzigo Mikindani, anataka guta la dereva anayeaminika, kaelekezwa kwangu na watu wa Sabasaba. Nadhani hakuitambua sauti yangu. Nikamtajia bei ya kawaida, halafu nikaongeza hela ya nazi 300. Kakubali.