Shoka lililopiga msumari: usilitupe, na usilipeleke kwenye mashine

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umesema shoka lako dogo la kuchongea mbuzi za nazi limepiga msumari, katikati ya makali pana pengo la milimita 3 hivi, mpini nao unacheza, na rafiki yako anakushauri uende kwa mafundi wa kuchomelea walipitishe kwenye jiwe la umeme dakika tano. Nakuomba usende. Nilifanya hivyo mimi, tena kwa shoka la babu yangu mzaa mama, aliyekuwa akichonga ngalawa kwa magogo ya miembe huku kaskazini ya Pemba.

Lilirudi linang'aa, pengo halipo. Ila kwenye ncha moja palikuwa na rangi ya buluu, na mimi sikuitilia maanani. Siku ya pili nachonga mwembe, mti laini kabisa, makali yakajikunja pale pale penye buluu. Niliumia sana, maana shoka lile babu alilitumia miaka na halikumfanyia hivyo hata mara moja.

Buluu ile ndiyo alama ya chuma kilichoungua. Mhunzi anapotengeneza shoka hulitia moto, akalichovya likawa gumu, kisha akalipasha tena kidogo ili lisiwe la kuvunjika. Ugumu ule unakaa mpaka joto lizidi kiasi chake. Chuma kikifika karibu nyuzi 300 za Sentigredi kinageuka buluu, na ukikimwagia maji baadaye ugumu haurudi. Makali ni membamba, joto halina pa kukimbilia, kwa hiyo mashine inafika huko kwa sekunde chache tu. Fundi mwenye mkono mzuri analichovya kwenye maji kila baada ya mguso, lakini utampata wapi mwenye subira hiyo kwa shoka lisilo lake?

Basi nunua tupa bapa ya inchi 8 au 10, mpya. Tupa iliyokwisha meno inateleza tu na itakukatisha tamaa. Libane shoka kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani cha mafundi. Kama huna, lifunge kwa kamba juu ya gogo, ncha ya makali ikiangalia nje. Vaa glavu nene, kwani mkono ukiteleza unakwenda moja kwa moja kwenye makali. Tupa hukata ikisukumwa mbele tu. Ukirudi inyanyue, usiiburure, utaiua.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaona pengo, wanalikwangua pengo lenyewe, na shoka linapata bonde. Pengo haliguswi. Kinachoshushwa ni makali yote, kutoka ncha hadi ncha, mpaka yafike chini ya pengo. Iweke tupa bapa juu ya ukingo wenyewe, isiinamie upande wowote wa shoka, na usage kwa kufuata ule upinde wa asili wa shoka. Ndiyo, unalifanya butu kwa makusudi, na mara ya kwanza moyo unasita. Ukibakisha kidoa kidogo cha pengo, nusu milimita, kiache; kitakwisha chenyewe katika kunoa kwa siku za mbele, na chuma cha babu zetu si cha kumwaga.

Baada ya hapo ukingo utakuwa na utepe bapa unaong'aa ukiuelekeza kwenye mwanga. Utepe huo ndio mwalimu wako. Piga tupa kwenye mteremko, yaani ule uso unaoshuka kutoka ubavu wa shoka hadi makali, wa upande mmoja, kisha wa pili, kwa idadi sawa, huku ukiutazama unavyopungua. Ukitoweka kote, makali yamekutana. Upake mteremko wino mzito wa kalamu kabla hujaanza, ili uone tupa inagusa wapi na wapi inapita juu. Kuhusu ulalo, mimi sipimi kwa chombo: upana wa mteremko uwe kama mara mbili ya unene wa shoka pale mteremko unapoanzia. Hiyo inakupa karibu nyuzi 30 pande zote mbili kwa pamoja, na kwa miti yetu, mfenesi na mwembe, inatosha. Ukilifanya jembamba zaidi litakata kwa raha siku mbili, kisha likutane na fundo kavu limeguke tena.

Mimi kazi hii ilinichukua jioni mbili baada ya alasiri. Ile sehemu ya buluu niliisaga mpaka ikaisha nikafika kwenye chuma kizima, na tofauti niliisikia mkononi: penye kuungua tupa ilizama kama inakata bati, penye uzima ilikuwa inang'ang'ana. Kama buluu ingekuwa imeingia ndani sana, ingebidi mhunzi alitie moto upya hadi sumaku isishike tena, achovye makali kwenye mafuta, kisha alipashe taratibu mpaka rangi ya majani makavu. Lako halijafika huko, almuradi husogei kwenye mashine.

Kinoo kinakuja mwisho. Kile cha dukani chenye pande mbili kinatosha, anza upande wa kukwaruza, kwa maji, kwa mwendo wa duara. Utasikia kwa kidole uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili, geuza, uutoe. Malizia kwa kuburuza makali kinyumenyume juu ya mkanda wa zamani wa ngozi. Kisha jaribu kwenye mti, si kwenye unywele wa mkono. Chonga kipande cha mwembe: uso ukitoka laini, umemaliza. Ukiona mstari ulioinuka kwenye mti, bado kuna kijipengo mahali hapo, rudi kwenye kinoo.

Mpini usiulaze ndani ya ndoo ya maji. Unavimba usiku ule, ukikauka unasinyaa kuliko mwanzo. Chonga mpya wa mpera, uliokauka kivulini, nyuzi zake zikienda urefu wote bila kukatika, na kabari ya mti mgumu. Tena upachike wakati wa kaskazi, mti ukiwa mkavu. Ukipachika masika utacheza tena mvua zikiisha.

Umesema mbao zako ni za jahazi kuukuu. Humo misumari imezama, kichwa kimeliwa na kutu, jicho haliioni. Mimi nina sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, nimeifunga kwenye uzi, naipitisha polepole juu ya ubao kabla ya kunyanyua shoka. Ikivutwa, natia alama ya chaki na pale natumia msumeno wa chuma.

Usiku ufute uso wote kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, upepo wa bahari unatia kutu kwa siku moja. Ukipata nafasi weka picha ya makali baada ya kushusha pengo, kabla hujaanza miteremko, nitakuambia kama upinde umekaa sawa.