Upelelezi si dagaa

Msomaji wa Kirumba, Mwanza, anayeuza dagaa pale Mwaloni, ameniandikia: "Mwalimu, shikamoo. Redioni nasikia rais wa nchi fulani 'anachunguzwa', halafu mwandishi wa habari aliyekamatwa wanasema 'upelelezi wa kesi yake haujakamilika'. Je, kuchunguza na kupeleleza ni kitu kimoja? Au mkubwa huchunguzwa na mnyonge hupelelezwa?"

Marahaba, ndugu yangu. Kupeleleza ni kutafuta habari kwa siri, ndiyo maana hata jasusi huitwa mpelelezi. Polisi wamelichukua neno hilo kwa kazi ya kusaka ushahidi wa jinai. Kuchunguza, neno lililo jirani na kuchungulia, ni pana zaidi: daktari huchunguza damu, tume huchunguza ajali, TAKUKURU huchunguza rushwa. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 46, inakataza rais kushtakiwa mahakamani kwa jinai akiwa madarakani. Ibara ya 46A inaruhusu Bunge kumshtaki lenyewe, na kazi hiyo hupewa Kamati Maalum ya Uchunguzi chini ya Jaji Mkuu. Kinachoamua neno ni chombo kinachofanya kazi, wala si cheo cha mtu. Rais Nixon wa Marekani alipata yote mawili: kamati ya Seneti ilimchunguza hadharani, wapelelezi wakafuata nyayo za watu wake, mpaka akaondoka madarakani tarehe 9 Agosti 1974.

Hilo limekwisha. Lakini umelitaja neno ambalo limenikera miaka mingi, na sitakuacha uondoke kabla sijalisema. Neno lenyewe ni "haujakamilika".

Litazame vizuri. Shina ni kamili, tulilolipata kutoka Kiarabu. Ukitia -ika unapata kukamilika, na ukitia -isha unapata kukamilisha. Kitenzi cha -ika hueleza hali iliyokifika kitu, na hakina nafasi ya mtendaji. Dirisha likivunjwa, naweza kuuliza limevunjwa na nani. Likivunjika, swali hilo halina pa kukaa, kwani hakuna Mswahili asemaye "limevunjika na Juma". Vivyo hivyo hakuna asemaye "upelelezi haujakamilika na polisi". Sarufi yenyewe imemfungia mlango mpelelezi asionekane.

Wewe unaijua tofauti hii kuliko wanasheria wengi. Pale Igombe, dagaa wakianikwa juu ya chanja na mvua ikanyesha, mwanamke wa pale atakwambia, "Dagaa hawajakauka." Kasema kweli na kasema sawasawa, maana anayekausha ni jua, na jua halina bosi wala mshahara. Lakini kama mzigo umelala kwenye magunia tangu asubuhi, jua linawaka, na kijana aliyelipwa kuwaanika amekaa kivulini, je, utakubali akwambie "Hawajakauka, mama"? Utamwambia: hujawaanika! Lugha yako wewe mfanyabiashara inajua kutenganisha jua na uzembe. Lugha ya mahakamani imeacha kutenganisha. Upelelezi haukauki wenyewe. Una mtu mwenye cheo, jalada na mshahara unaotokana na kodi yako.

Tena kuna hiyo -ja-. "Haukukamilika" ingefunga habari. "Haujakamilika" inaahidi kwamba utakamilika, ila haitaji siku. Ahadi hiyo ikirudiwa kila kesi inapotajwa, mtu anazeeka rumande.

Mfano ninaoubeba moyoni ni wa Erick Kabendera. Alichukuliwa nyumbani kwake Dar es Salaam mwishoni mwa Julai 2019, ikasemwa kwanza kwamba suala ni uraia wake. Tarehe 5 Agosti akasomewa mashtaka mengine kabisa: genge la uhalifu, kukwepa kodi na kutakatisha fedha. Shtaka hilo la mwisho halikuwa na dhamana. Kisha likaanza lile neno, na kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Mama yake akafariki Desemba mwaka huo, mwanawe yuko mahabusu. Alitoka tarehe 24 Februari 2020, baada ya makubaliano na upande wa mashtaka, akalipa mamilioni ya faini na fidia. Na huyu alikuwa mwandishi wa habari za uchunguzi! Yeye akichelewesha habari, mhariri humuuliza, "Mbona hujakamilisha?" Hakuna mhariri anayeuliza kwa nini habari haijakamilika, kana kwamba habari hujiandika.

Nawajua wanaosema hizi ni nahau za kazi, tuziache. Nimeachia mengi. Gazeti likimwita "mtuhumiwa" mtu ambaye tayari amesomewa mashtaka na sasa ni mshtakiwa, nanung'unika na kufungua ukurasa wa pili. Ng'ambo ya ziwa, Kisumu, wakisema "mshukiwa" naelewa wanachosema na sina ugomvi nao. Hili la leo siliachii, maana hapa sarufi imetumika kumficha mtu anayepaswa kujibu.

Najua pia kwamba mwandishi hawezi kubadili maneno ya wakili wa serikali ndani ya alama za mtajo. Nje ya alama hizo sentensi ni yake. Aandike ni mara ya ngapi kesi inaahirishwa. Na badala ya "upelelezi haujakamilika" aandike "upande wa mashtaka haujakamilisha upelelezi". Angalia jinsi lugha ilivyo tayari kumsaidia: upelelezi na upande wako katika ngeli moja, kwa hiyo hau- inabaki vilevile, -ja- inabaki vilevile. Anachobadilisha kwenye kitenzi ni -ka kuwa -sha.