Usiweke alama ya "nakubali" kabla ya kuomba upimaji wa nje

Pole sana dada. Umeuliza kama usaini karatasi ya shule inayompunguzia mwanao muda wa mtaalamu wa matamshi kutoka dakika 60 kwa wiki hadi 30, na uko Texas kama mimi. Usisaini kukubali. Mimi nilisaini, na mwanangu akapoteza mwaka mzima.

Mwanangu ana usonji. Kwenye mkutano wa ARD, ambapo shule na mzazi hupanga elimu maalumu ya mtoto, nilikaa na binti yangu wa miaka 11, mbele yetu watu saba wa shule. Mkalimani hakuwepo, binti ndiye aliyenitafsiria. Maneno ya kitaalamu yalimshinda, akawa ananiambia tu, "Mama, wanasema anaendelea vizuri." Nikatia saini. Sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, inaitaka shule ihakikishe mzazi anaelewa kinachosemwa mkutanoni, ikiwemo kuleta mkalimani. Nilikuwa sijui, na hata kuuliza niliona haya, kama mgeni anayedai chumvi kwenye chakula cha watu.

Nilipozinduka nikataka kufungua shauri. Hapo nikajifunza jambo linaloniuma hadi leo. Mwaka 2005, katika kesi ya Schaffer dhidi ya Weast, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa katika mashauri ya elimu maalumu anayelalamika ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Hebu tazama: mafaili wanayo wao, wapimaji ni waajiriwa wao, wakili wao analipwa kwa kodi zetu, halafu mama anayetoka zamu ya usiku ndiye athibitishe! Mwaka uliofuata, kwenye kesi ya Arlington, ikaamuliwa kuwa mzazi hata akishinda harudishiwi pesa alizomlipa mtaalamu wa kumtolea ushahidi. Ada ya wakili, ndiyo, anaweza kurudishiwa. New York na New Jersey zilitunga sheria zao kuurudisha mzigo kwa shule. Sisi wa Texas bado, na hili ndilo jimbo ambalo tangu 2004 liliziwekea wilaya lengo kwamba wanafunzi wa elimu maalumu wasizidi asilimia 8.5 ya wanafunzi wote, mpaka gazeti la Houston Chronicle lilipolifichua mwaka 2016. Kwa hiyo shule ikikwambia mtoto "hahitaji tena", iambie ikuonyeshe vipimo.

Kuna mlango mmoja ambapo mzigo unageuka. Kama hukubaliani na upimaji wa shule, andika kwamba unaomba upimaji huru kwa gharama ya shule. Hapo wana njia mbili tu: walipe, au wao wenyewe wafungue shauri kuutetea upimaji wao. Wakifungua, wao ndio walalamikaji. Wanaweza kukuuliza sababu, ila hawawezi kukulazimisha uitaje. Ni mara moja kwa kila upimaji wa shule, basi usiitumie ovyo.

Mimi niliandika barua pepe ya mistari minne. Wiki tatu kimya. Nikakumbusha, wakalipa. Mpimaji wa nje alikaa na mwanangu asubuhi mbili, akakuta shule ilimpima kwa Kiingereza peke yake, ilhali nyumbani tunaongea Kiswahili na maneno yake mengi yako huko. Niliposomewa ripoti ile nililia, maana kwa mara ya kwanza kuna mtu alikuwa amemsikia mwanangu. Dakika zilirudi, si zote: 45.

Sasa wewe: weka alama ya "sikubali". Texas inakuruhusu mkutano uahirishwe hadi siku 10 za shule. Siku hizo omba kwa maandishi mafaili yote ya mtoto, upimaji huru, na mkalimani wa Kiswahili kwa mkutano ujao. Maneno ya kwenye simu au mlangoni usiyategemee. Ukirudi nyumbani yaandike na umtumie mwalimu. Wakishikilia uamuzi wao, fungua shauri kabla mabadiliko hayajaanza, mtoto abaki na dakika zake 60 mpaka shauri liishe. Wapigie Disability Rights Texas, shirika linalotetea haki za watu wenye ulemavu, hawatozi pesa.

Ukipata notisi ya shule, funika jina la mtoto na la shule, uiweke hapa. Jumamosi jioni sina zamu, tutaisoma pamoja mstari kwa mstari.